Uzito wa Nyumba Iliyonyamaza

Kazi yangu ni kukisia vitu ambavyo hakuna mtu aliyeviona. Nikisema hivyo kwenye harusi watu hucheka. Shangazi yangu aliwahi kuwaambia wageni kwamba nilisomeshwa miaka yote ile nikarudi nyumbani mpiga ramli. Sikukasirika sana, maana hakuwa mbali na ukweli.

Chukua watoto wadogo wanaopimwa uzito kila mwezi. Mmoja kazaliwa mnene, ndugu yake kazaliwa mwembamba, lakini ukiwafuatilia utaona wanaongezeka pamoja na wanakonda pamoja. Kuna kitu ndani ya nyumba kinachowavuta. Huenda ni maji, huenda ni shamba lililochoka, huenda ni baba anayekunywa au mama asiyepata usingizi. Kitu hicho hakuna aliyekiuliza wala kukipima, na daftari halina safu yake. Sisi tunakiita athari ya nyumba, na kila nyumba ina ya kwake. Nimewahi kukaa mbele ya kompyuta mchana kweupe, nikatazama nyumba ambayo sijawahi kufika, nikajua kuna kitu kizito mle ndani.

Namna ya kukikisia si uchawi. Unachukua kila jibu linalowezekana na kuliuliza: kama wewe ndiwe ukweli, je, vipimo tulivyoviona vingekuwa vya kawaida au vya ajabu? Jibu linalofanya vipimo vyetu visiwe vya ajabu ndilo unalolichukua. Na kwa kuwa kile cha ndani ya nyumba hakionekani, unajumlisha hali zote ambazo kingeweza kuwa nazo, nzuri na mbaya, kila moja kwa kadiri yake. Hesabu hiyo naipenda. Niliipenda kupita kiasi.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha kazi Katesh, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na dirisha lililotazama mlima uliokuwa umefunikwa na wingu karibu siku zote. Mradi wetu ulikuwa unapima watoto wa chini ya miaka mitano katika kata za Getanuwas, Daudi na Yaeda Chini. Wapimaji walikuwa wenyeji wa kila kata. Walitembea na mizani ya kutundika, ile yenye mshale na kaptula ya kumvalisha mtoto, na vishikwambi vya kuandikia. Mimi nilipokea namba tu. Mwisho wa msimu nilitakiwa kutoa orodha ya nyumba zilizo chini zaidi, na hizo zingefikiwa na muuguzi mwenye pakiti za lishe ya dawa. Nyumba ambazo hazikuwa kwenye orodha zingesubiri hadi baada ya mavuno. Kwa mtoto aliyekonda, huko ni mbali sana.

Niliwahi kusema kikaoni kwamba orodha itoke kwenye hesabu peke yake, bila mtu kuongeza jina, kwa sababu tunajuana. Mwenyekiti ana shemeji, mchungaji ana binamu, na mwishowe chakula cha wagonjwa kinaliwa na wazima. Wote walikubali. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijisikia mtu wa maana.

Jambo moja zaidi lazima nilieleze, maana ndilo lililotuletea balaa. Nyumba yenye vipimo vingi hujisemea yenyewe. Nyumba yenye vipimo vichache hesabu haiiamini sana, kwa hiyo huivuta karibu na wastani wa wengine. Ni busara ya kawaida, hata wewe ukimwona mtu mara moja amekasirika huwezi kusema ana hasira maisha yote. Lakini maana yake ni kwamba nyumba inayonyamaza hupewa afya ya majirani zake. Nilikuwa nikilijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na sikuwahi kuliogopa.

Zikiwa zimebaki siku tano kabla ya orodha kwenda, nilipanda gari hadi Mbulu, kisha pikipiki hadi Daudi, nilikozaliwa. Nilibeba karatasi za familia. Kila nyumba ilikuwa na yake, na kila mtoto alichorwa mstari wa uzito wake tangu tulipoanza mpaka mwezi ule. Pale ambapo vipimo vilikosekana, mstari uliendelea kwa vitone, kadiri hesabu ilivyokisia. Kina mama wa kule wanaujua mstari kama huo kutoka kwenye kadi za kliniki. Nilitaka waone kwamba kazi yao ya kutundika watoto kila mwezi haikupotea.

Nililala kwa mama. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba kengele za ng'ombe wa jirani zilisikika bila wao kuonekana. Mpimaji wa upande ule alikuja mapema, mwanamume mpole wa rika la kaka yangu, mchache wa maneno, ambaye wakati wa utoto alikuwa akichunga mbuzi na sisi. Tuligawa karatasi kutwa nzima. Kina mama walicheka, walilinganisha mistari ya watoto wao, mmoja akaniuliza kama naweza kumchorea na mume wake.

Mwisho ilibaki karatasi moja. Ilikuwa ya nyumba ya juu kabisa kwenye mgongo wa kilima. Watoto wawili, wa kike wa miaka mitatu na wa kiume mchanga. Mistari yote miwili ilipanda vizuri, ingawa sehemu kubwa ilikuwa ya vitone. Katika orodha yangu nyumba ile ilikaa katikati kabisa. Haikuwa na shida yoyote.

"Huko hatuendi, dada," mpimaji akasema.

"Kwa nini? Wamehama?"

"Wapo."

"Sasa mbona umeandika hayupo, hayupo, hayupo, tangu mwezi wa tatu?"

Alinionyesha kishikwambi. "Kishikwambi kilinipa maneno matatu," akasema. "Amehama, amekataa, hayupo. Hawajahama. Hawajakataa. Yule mdogo kweli hayupo, alifariki. Na yule dada yake siwezi kumfikia, kwa sababu wamefunga mji."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu mtoto anayenyonya akifa, wazazi hujitenga. Hawasalimii wala hawasalimiwi. Huchota maji mahali pao, chini ya wengine. Ng'ombe wao hawachanganyiki na wa watu, na kinachoingia kwao hakitoki mpaka muda wao uishe. Padri akija, kila mtu hujifanya desturi hiyo iliisha enzi za babu. Haikuisha. Nilipokuwa mdogo mama alinishika sikio kwa sababu nilikatiza njia ya nyumba kama hiyo kwa kufuata mpira.

Maneno yale matatu niliyaandika mimi. Niliitengeneza fomu ile nikiwaza Yaeda Chini na Getanuwas, ambako familia huondoka na ng'ombe miezi mizima kisha zikarudi, watoto wakiwa na afya tele. Kwangu mimi hayupo ilimaanisha yuko malishoni. Miongoni mwa sababu zote za mtoto kukosekana kwenye mizani, mimi, mtoto wa Daudi, nilisahau kuandika kifo. Kisha nikachukua ukimya wa nyumba ile, nikaujaza kwa afya ya majirani, nikamchora marehemu akiongezeka kilo mwezi hadi mwezi.

"Nipeleke," nikamwambia.

"Dada."

"Nipeleke mpaka mpakani tu."

Hapakuwa na uzio wala alama. Mpaka ulijionyesha wenyewe, kwa sababu njia ya kwenda kwao ilikuwa imeota majani. Chini, ambako watu wote hupita, udongo ulikuwa mwekundu na umekanyagwa. Kisha, mahali fulani, nyasi zilianza, mbichi na ndefu, bila unyayo hata mmoja, zikapanda hivyo hivyo hadi zikapotelea kwenye ukungu. Kule juu tulisikia kinu kikitwangwa. Mpimaji alikohoa kwa sauti, ndiyo namna ya kubisha hodi mahali ambapo hodi haipigwi. Kinu kikanyamaza.

Alishuka mwanamke kijana, akasimama mbali kidogo, ndani ya nyasi. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Siku nyingine yoyote angeinama kidogo na kusema shikamoo kabla sijafungua mdomo, na mimi ningemuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Alinitazama tu. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kutaka kumsalimu, mpimaji akanigusa kiwiko. Sijui kama kuna kitu kinachotisha kwetu kama kusimama mbele ya mtu bila salamu. Ni kana kwamba mmoja wenu hayuko pale, na sikuwa na hakika ni yupi.

"Umeshika nini?" akauliza.

Ningeweza kuificha karatasi. Nililiwaza hilo, na naona aibu kuandika kwamba nililiwaza. Lakini alikuwa ameshaona jinsi nilivyoikunja kifuani. Niliiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma. Akaja, akaichukua, akaitazama bila haraka. Alipitisha kidole kwenye mstari wa binti yake. Kisha akapitisha kidole kwenye ule mwingine, taratibu, mpaka ukingoni.

"Huyu mnayempima ni nani?" akauliza.

Mpimaji alikuwa amegeuka akitazama bonde.

"Wangu tulimzika mwezi wa tatu," akasema. Hakupaza sauti. "Hapa mwezi wa nne yupo. Wa tano yupo. Ameongezeka. Mnampima wapi?"

"Hatumpimi," nikasema. "Hakuna anayempima. Ni makisio. Kompyuta haikuambiwa."

"Nani hakuiambia?"

"Mimi."

Aliendelea kuishika karatasi. Nyuma yake, nyasi zilisogea, na mtoto wa kike akatokea akivuta upande wa kanga ya mama yake. Nilimwona mara moja tu vizuri, ilitosha. Nywele zilikuwa zimepauka, mikono imebaki mifupa, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima. Kwenye karatasi yangu mtoto yule alikuwa na uzito wa kumfurahisha mama yeyote. Nilitazama karatasi, nikatazama mtoto, na kwa sekunde chache, naapa, nilishindwa kujua ni yupi niliyetakiwa kumwamini. Miaka mingi nilikuwa nimeamini karatasi.

"Tunahitaji kumpima huyu," nikamwambia mama. "Leo. Tusipompima hatapata lishe mpaka baada ya mavuno."

"Mizani ikiingia huku haitoki," mpimaji akasema pembeni yangu. "Si mpaka mwakani."

"Basi ibaki huko."

Tuliiweka mizani aliyoibeba mpimaji juu ya jiwe pamoja na kaptula yake. Mama alisoma hadi darasa la saba na alikuwa ametundika watoto kwenye mizani zetu mara nyingi, hakuhitaji mafunzo. Aliitundika kwenye tawi la mti uliokuwa upande wake, akamvalisha binti, akamwachia aning'inie. Mtoto hakulia. Watoto wote hulia kwenye mizani ile, na huyu alining'inia kimya akizunguka polepole. Mama akasoma namba kwa sauti na mpimaji akaiandika. Ilikuwa chini ya uzito wake wa mwezi wa pili.

Jioni ile nilimpigia simu msimamizi wetu, nikamweleza nilichokiona kwa macho yangu. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha akanikumbusha, kwa upole ulioniumiza zaidi ya tusi, kwamba orodha inatoka kwenye hesabu peke yake, na kwamba hayo yalikuwa maneno yangu. Tena nyumba yenyewe iko kilima cha kwetu. Angewaambia nini wengine?

Nilirudi Katesh na gari la kwanza. Niliingiza kipimo kile, nikaondoa mstari wa marehemu, nikaiendesha hesabu upya. Nyumba ilishuka, lakini kidogo tu. Kipimo kimoja baada ya miezi ya ukimya, hesabu haikukiamini. Ilikivuta kuelekea wastani kama nilivyoifundisha, kwa busara yote, na mtoto niliyemwona akining'inia akabaki nje ya orodha kwa nafasi chache. Niliiendesha tena, kana kwamba ingebadili mawazo. Nililia kwa hasira pale mezani, na hasira yenyewe ilikuwa ni ya kujichukia.

Ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuliuliza tangu mwanzo. Nilikuwa nimeiambia hesabu kwamba nyumba hunyamaza kwa bahati tu. Je, kama ukimya nao ni kipimo? Kama kile kile kisichoonekana kinachowavuta watoto chini ndicho pia kinachofunga njia?

Siku mbili zilizofuata nilipiga simu. Niliwaomba wapimaji wote wa kata zote tatu wanitajie, nyumba kwa nyumba, maana ya kila hayupo waliyoiandika. Wengi walijibu malishoni, na wa Yaeda Chini walinicheka kwa kuuliza. Lakini kila baada ya muda mtu alinyamaza upande wa pili wa simu, na mimi nikajifunza kungoja. "Huyu alifariki, dada. Hapakuwa na pa kuandika." Nilikuwa na karatasi zao zote mezani, na kila mara niliposikia hivyo niliitafuta ya nyumba ile, na kila mara nilikuta mstari wa vitone ukipanda. Nilianza kuona aibu kuzigeuza. Nyumba zile zilikuwa zimekaa katikati ya orodha yangu miezi yote hiyo, zikiwa na afya njema.

Niliijenga hesabu upya, sehemu mbili zikishiriki kitu kimoja kisichoonekana: uzito wa waliopimwa, na ukimya wa waliofiwa. Nikauliza tena ni jibu lipi linalofanya yote tuliyoyaona yasiwe ya ajabu. Kompyuta ilichukua muda mrefu. Nilishuka kununua maji dukani, nikapanda, bado. Ilipomaliza, tofauti kati ya nyumba na nyumba ilikuwa imepanuka sana, na nyumba zile zilikuwa zimeshuka pamoja, moja baada ya nyingine, kutoka katikati hadi chini kabisa. Ile ya mgongo wa kilima ilikuwa ya pili kutoka chini. Nilijua sasa kwamba kulikuwa na nyingine mbaya kuliko ile, na kwamba sikuwahi kuifikiria hata dakika moja.

Orodha ilikwenda Ijumaa saa nane mchana, na maelezo ya kurasa mbili ya kwa nini imepinduka. Kwenye fomu niliongeza neno lililokosekana.

Muuguzi alifika kilimani wiki iliyofuata. Si mtu wa kwetu, na mpimaji alihofia angeyapita yale majani kwa viatu vyake, lakini alisikiliza, akaziweka pakiti juu ya jiwe, akaeleza matumizi kwa sauti kutoka alipokuwa amesimama. Mizani ilikuwa bado kule. Wakapatana kwamba kila Jumatatu mama atampima binti mwenyewe na kusoma namba, na mpimaji ataiandika akiwa upande wa huku.

Jumatatu ya kwanza mtoto alikuwa pale pale. Ya pili alikuwa ameongezeka kidogo. Ya tatu mpimaji alinipigia saa nne asubuhi, nikajua kwa sauti yake kwamba ameongezeka sana, na nilifurahi hadi nikainuka kitini.

"Lakini dada," akasema, "kuna kipimo cha pili."

"Cha nani?"

"Akishamtoa binti, anaitundika kaptula tupu. Anasubiri mshale utulie. Anasoma sifuri, anasema niandike, ni ya mdogo. Amefanya hivyo wiki zote tatu. Kishikwambi kinaikataa, kinasema uzito si sahihi."

Nilimwambia amwambie kwamba sasa kuna neno la kuandika, kwamba kompyuta inajua, na mstari ule umefutwa.

"Nimemwambia," akasema. "Anasema hata mara ya kwanza mlikuwa mnajua kuandika. Anataka iwe kila wiki, ili msimkisie tena."

Nilifungua fomu, nikakitafuta kizuizi nilichokuwa nimekiweka cha uzito mdogo kabisa, nikakitoa kwa nyumba ile peke yake. Kisha nikamwambia ajaribu sasa. Nilimsikia akibonyeza, na mbali kidogo, kupitia simu yake, sauti ya mwanamke ikiirudia namba ile kwa utaratibu, kama mtu anayehakikisha imeandikwa vizuri.